Kununua prosesa kwa kufuata ratiba ya Intel: uzoefu wangu

Mwaka 2011 nilinunua prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya Intel, Core i5-2500K, ya kizazi cha Sandy Bridge, na niliichagua kwa kuangalia kalenda. Enzi hizo Intel walikwenda kwa mwendo waliouita Tick-Tock: awamu moja wanachukua usanifu uliopo, yaani mchoro wa ndani wa chipu, na kuutengeneza kwa transista (swichi ndogo zinazounda chipu) ndogo zaidi, awamu ya pili wanabaki na transista zilezile na kuleta usanifu mpya. Ni utaratibu wenye busara sana. Ukibadilisha vyote viwili kwa mpigo na chipu zikatoka mbovu, utajuaje kama kosa ni la mchoro au la kiwanda?

Sandy Bridge ilikuwa usanifu mpya juu ya transista za nanomita 32 (namba ikipungua, transista ni ndogo zaidi), ambazo kiwanda kilikuwa kimeshazizoea tangu kizazi cha Westmere cha 2010. Nimehariri video nayo miaka sita, na bado naipenda.

Kwa laptopu nilidhani kanuni hiyo ya kungoja usanifu mpya hugeuka: subiri transista zipungue, ndipo betri idumu. Hapo nilikosea. Nilikaribia kununua MacBook Air ya 2012 yenye Ivy Bridge kwa sababu tu ya nanomita 22, nikachelewa, nikapata ya 2013 yenye Haswell. Nanomita ni zilezile 22! Lakini wahandisi walikuwa wamepanga upya namna chipu inavyopumzika pale isipokuwa na kazi. Apple waliahidi saa 7 kwa ile ya inchi 13 ya 2012, na saa 12 kwa hii, ingawa betri yenyewe iliongezwa kidogo tu. Nilianza kutoka asubuhi bila chaja.

Tangu hapo siulizi nanomita ngapi, nauliza nini kimebadilika. Mwaka 2016 Intel waliacha mwendo wa hatua mbili wakahamia wa tatu: kiwanda, usanifu, kisha maboresho. Nanomita 10 zilizidi kuchelewa, na wengi walidharau kila kilichotoka na nanomita 14. Mimi mwishoni mwa 2017 nilichukua Core i5-8400 ya Coffee Lake. Ilidai ubao mama mpya, gharama ambayo lazima uihesabu, ila i5 za mezani zilikuwa zimetoka kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) nne hadi sita, na kwa kuhariri video hilo ndilo nililolihitaji.

Waliosubiri nanomita 10 kwenye prosesa za kawaida za mezani walizipata Novemba 2021, kwa Alder Lake, zikiwa zimeshabatizwa jina jipya la Intel 7.