Uzoefu wangu na FFmpeg na LosslessCut: kukropu klipu bila kuichakaza

Napiga video za harusi hapa Tanga, na siku hizi muda wangu mwingi unakwenda kwenye kuokoa klipu zilizopigwa na wageni kwa simu zao. Zinanifikia zimeshaminywa, zina weusi pembeni, na mwenyewe anataka zikropiwe, yaani pembeni za picha zikatwe, zibaki safi. Nimejaribu programu nyingi, za kulipia na za bure. Nimebaki na mbili ambazo sikuzilipia hata shilingi, LosslessCut na FFmpeg, na nataka nieleze kwa kirefu kwa nini.

Mwezi uliopita shangazi wa bi harusi mmoja aliniletea klipu ya sekunde 40. Ndani yake bibi yao, kajifunga kisutu, kamwekea bi harusi mkono kichwani anamsomea dua. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na picha nyingine inayotembea ya siku ile hawana. "Mwanangu, nitolee hayo meusi ya juu na chini. Nataka nimwone mama yangu tu." Klipu ilikuwa imerekodiwa kutoka kwenye kioo cha simu iliyosimama: juu saa, chaji na ujumbe unaoingia, katikati video imelala, kwingine kote weusi.

Mpwa wake alishaihangaikia. Aliipitisha kwenye tovuti moja ya kukropu bure, akaituma kwa simu, haikumridhisha, akaipitisha tena. Toleo lililotoka huko lilinitia uchungu. Vidoti vya kisutu vimeungana vyote, wekundu umetapakaa kama nguo inayochuja rangi, na pete ya bibi haionekani.

Sababu yake ni hii. Video ya simu haihifadhi kila fremu nzima. Inaweka fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu, kipi kimesogea na kimekwenda wapi. Rangi nayo huwekwa kwa robo tu ya pikseli za mwanga, ndiyo maana nguo nyekundu yenye nakshi ndogo huumia kabla ya vingine. Kila ukiienkodi upya, yaani kuibana na kuiandika tena, programu inatupa maelezo mengine juu ya yale yaliyokwishatupwa, na kilichotupwa hakirudi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja siku zote ni moja: nakala ya kwanza kabisa iko kwa nani? Hii ilikuwa bado kwenye simu ya mpwa. Nikamwambia anitumie kama dokumenti, si kama video, ili isiminywe tena njiani.

Kama kazi ni kupunguza urefu tu, kutoa mwanzo na mwisho, LosslessCut inatosha na haina mpinzani kwangu. Haienkodi chochote. Inanakili data kama ilivyo na kuacha usichokitaka. Sherehe ya saa nzima niliikata vipande sita kabla chai haijapoa, wakati kuienkodi upya kwenye kompyuta yangu ni kazi ya alasiri nzima. Sharti lake ni kwamba kipande kianze kwenye fremu kamili, hivyo mkato unaweza kuanza sekunde moja au mbili kabla ya pale ulipogusa. Mimi naona ni bei ndogo. Lakini haikropu. Ukitaka kubadilisha umbo la picha, lazima uhamie kwa FFmpeg.

FFmpeg haina vitufe. Ni dirisha la amri, unaandika. Msiogope, ndugu zangu. Amri tatu nne zinakutosha mwaka mzima. Kwanza niliiomba inipimie weusi kwa kichujio cha cropdetect. Klipu ni pikseli 720 kwa 1600, na picha yenyewe ina mistari 405 hivi. Ikanipa 720 kwa 400, kwa sababu bila kuambiwa inakadiria kwa kumi na sita kumi na sita. Nikaandika round=2, ikatoa 720:404:0:598, yaani upana, kimo, kisha mahali picha inapoanzia kutoka kushoto na kutoka juu. Mistari minne ni midogo, lakini ndiyo ilikuwa na ncha ya mtandio wa bibi. Namba lazima zigawanyike kwa mbili, tena kwa sababu ya ile rangi ya robo.

Kisha nikaandika hivi:

ffmpeg -i bibi.mp4 -vf crop=720:404:0:598 -c:v libx264 -crf 17 -preset slow -c:a copy bibi-safi.mp4

Hapo kwenye crf ndipo penye roho ya kazi. Ni namba ya ubora, na kadiri inavyopungua ndivyo picha inavyobaki nzima. Usipoandika kitu, libx264, sehemu inayoenkodi picha, inachukua 23. Ukiongeza 6, faili linapungua karibu nusu. Nilitoa matoleo matatu, 23, 20 na 17, nikasimamisha fremu ileile kwenye kila moja na kukuza mkono wa bibi. Kwa 23 pete ilikuwa imeyeyukia kwenye ngozi. Kwa 20 ilionekana, ila vidoti vya kisutu vilitetemeka mkono uliposogea. Kwa 17 sikuweza kuitofautisha na nakala ya kwanza iliyotoka kwenye simu ya mpwa, nikiwa nimeziweka sambamba. Kwa klipu fupi kama hii, kubana megabaiti chache ni kujinyima bure. Sauti nimeiacha kama ilivyo, ndiyo kazi ya -c:a copy, na dua haikuguswa.

Wapo watakaouliza kama kukropu bila kuenkodi kabisa kunawezekana. Kunawezekana kwa H.264, aina ya ubanaji wa video ambayo libx264 hutoa, kwa namna yake. Kodeki hii hupanga picha kwa vigae vya 16 kwa 16, na 1080 haigawanyiki kwa 16. Kwa hiyo video ya 1080 hubebwa na mistari 1088, pamoja na maelekezo kwa kichezeshi kifiche 8. FFmpeg inaweza kuyabadilisha maelekezo hayo kupitia kichujio chake cha h264_metadata, ukaficha juu na chini bila kugusa picha. Nilijaribu, na kwenye kompyuta ilicheza vizuri. Ila faili lilibaki na uzito uleule, na kilichofichwa kimo ndani. Kwenye klipu hii ule mstari wa juu ulikuwa na ujumbe wa watu, majina yao yanasomeka. Mwenye ujuzi angeweza kuufunua, kwa hiyo sikumpa mteja toleo hilo. Weusi mtupu ningeuficha hivyo bila wasiwasi.

Kwa asiyetaka dirisha la amri kabisa, HandBrake ni mbadala mzuri na wa bure. Inatambua weusi yenyewe, na ubora unauchagua kwa RF, ambayo ni crf ileile. Iangalie namba kabla ya kuanza, kwa sababu mpangilio wake wa kawaida wa 1080p umewekwa 22. Na kumbuka, HandBrake siku zote inaenkodi picha upya, hata kama umekata urefu tu.

Shangazi nilimwekea mafaili mawili kwenye flashi, la kwanza kama lilivyotoka simuni na la kukropu, nikamsihi la kwanza asilifute hata akipungukiwa nafasi. Aliliangalia hapohapo ofisini. Alirudisha nyuma mara tatu, pale mkono unaposhuka kichwani, kisha akaweka kidole kwenye kioo juu ya pete na kusema, "Hii alivishwa na baba."