Niliomba Potasi ya Viazi Vitamu, Nikapewa Urea na Kejeli

Naandika haya hasira zikiwa bado hazijaniisha, kwa hiyo anayetaka tathmini ya upole aitafute kwingine. Duka la pembejeo ninalolizungumzia lipo upande wa Mkuranga, jina lake silitaji, na kwa mambo mengi halina ubaya: bei zao ni za kawaida, hufungua mapema, na mbegu za mchicha nilizowahi kununua pale ziliota vizuri. Kwa hayo peke yake ningewapa nyota tatu kati ya tano. Tatizo ni muuzaji wao, na alichonifanyia kabla ya mvua za masika.

Shamba langu ni kichanga kitupu, kile ambacho mvua ikinyesha asubuhi, mchana unakipita bila kuchafua kiatu. Ardhi ya namna hii haishiki chakula cha mmea. Naitrojeni na potasi huyeyuka na kushuka na maji hadi mizizi isikofika, na kiazi kitamu kinahitaji potasi nyingi kuliko naitrojeni, kwa sababu ndiyo inayosaidia sukari inayotengenezwa kwenye majani ishuke chini ikajaze kiazi. Bwana shamba wetu alikwisha kunieleza hayo na kuniandikia kwenye karatasi: samadi iliyooza vizuri iingie kwenye matuta kabla ya kupanda, potasi igawanywe, nusu wakati wa kupanda na nusu kati ya wiki ya nne na ya sita kabla marando hayajafunika tuta, tena ifukiwe pembeni ya shina, isimwagwe juu juu. Nilikwenda dukani na karatasi hiyo mkononi.

Yule kijana hakuisoma. Aliitupia jicho, akacheka, akawaambia wateja wengine, "Huyu mama anataka kuvitilia viazi vitamu mbolea ya dukani!" Kisha akanigeukia: "Mama yangu, kiazi kitamu ni zao la kienyeji, hakina mambo mengi. Chukua hii, ina kila kitu, utakuja kunishukuru." Akachota kwa kopo kutoka kwenye mfuko mkubwa uliokuwa wazi, akapima, akaifunga katika nailoni isiyo na andishi lolote, na kwenye risiti akaandika neno moja tu, "mbolea". Zilikuwa punje nyeupe, ndogo, za mviringo, na nilipofika nyumbani nailoni ilikuwa imeanza kutota kwa ndani.

Ilikuwa urea, yenye naitrojeni asilimia 46 na isiyo na potasi hata chembe. Mvua zilipokolea, matembele yalistawi ajabu, mapana na ya kijani kilichokoza, marando yakavuka matuta hadi njiani, majirani wakawa wanakuja kuchuma mboga na kunisifu. Tulipochimba, tuta baada ya tuta lilitoa mizizi myembamba kama mikia ya panya, na kiazi kimojakimoja cha kubahatisha. Matuta ya mwisho kule chini, ambayo mbolea ya kijana haikuyafikia na yalipata samadi ya mbuzi peke yake, ndiyo yaliyotoa viazi lishe vya kupeleka sokoni, aina ya Mataya, vyenye rangi ya chungwa ndani.

Nisiionee urea. Kwenye mahindi nimeitumia na nitaitumia tena, na hata kiazi kitamu katika mchanga huhitaji naitrojeni kidogo mwanzoni. Ningeuziwa kwa jina lake ningejua kiasi cha kuweka. Nilipofikia kuandika hapa nilikuwa tayari kuwaachia nyota mbili, lakini nikakumbuka siku niliyorudi kulalamika.

Siku hiyo niliiona potasi rafuni, nyuma ya mgongo wa yule kijana, chini kabisa: mifuko midogo iliyofungwa kiwandani, imepigwa vumbi, imeandikwa 0-0-50, namba ambazo kwa mpangilio wake ni naitrojeni, fosforasi na potasi. Nilipomwonyesha, alijibu bila kuona haya, "Hiyo? Hiyo ni ya watu wa mananasi." Nikamkumbusha kwamba niliitaja potasi kwa mdomo wangu na nilikuwa nayo kwenye karatasi. Akasema, "Kila mkulima analijua shamba lake, mama. Mimi nauza tu." Huyu ndiye aliyeniambia nitakuja kumshukuru! Kama anauza tu, basi auze kilichoombwa, katika mfuko wenye maandishi, na mashairi yake awaimbie wenzake kijiweni. Pole sikupata, wala hakuniuliza nimepata hasara kiasi gani.

Ni nyota moja, na hiyo ni ya mizani yao, ambayo kwa haki niseme haipunji. Hata hivyo nilinunua ile potasi papo hapo, kwa kuwa kuifuata Mbagala ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ya mzigo, na vuli haingoji mtu. Nitakwenda tena kununua ya awamu ya pili, ila nitangoja zamu ya jioni, kwa sababu yule dada wa jioni angalau husoma karatasi anayopewa.