Treni ya Bernina kipindi cha theluji: panda ile ya kawaida

Watu wananiuliza treni ya Bernina waipande vipi kipindi cha baridi, naanza na jibu kwa wale wenye haraka. Kama unaishi huku Ulaya au unakuja kutembea miezi ya baridi na unataka kuona milima bila kuendesha gari kwenye barafu, nenda Uswisi, lala Chur, asubuhi panda treni ya kwenda St. Moritz, badilisha pale, afu shuka na treni ya Bernina mpaka Tirano upande wa Italia, kula, rudi. Na panda treni ya kawaida ya abiria, sio lazima ile ya watalii yenye vioo mpaka kwenye paa. Reli ni ileile, madaraja ni yaleyale, mlima ni uleule.

Mi naishi kusini mwa Ujerumani kwa hiyo Uswisi ni jirani, na hii njia nimeshaipita kiangazi na nimeipita baridi, na kiukweli baridi ndo yenyewe. Kiangazi ni nzuri, kijani kila mahali, ila theluji ikishafunika kila kitu unaiona kazi iliyofanywa pale, daraja la mawe limesimama peke yake kwenye weupe na treni nyekundu inapita juu yake, hapo ndo unaelewa kwa nini UNESCO waliiweka hii njia ya Albula na Bernina kwenye urithi wa dunia mwaka 2008.

Niseme kidogo kuhusu Bernina Express, ile treni ya watalii yenye vioo, maana ndo watu wengi wanaulizia. Sio mbaya hata kidogo. Inakutoa Chur mpaka Tirano bila kubadilisha treni, kama masaa manne na kitu, siti nzuri, maelezo yanatolewa njiani. Kwa mtu mzima ambaye hataki kushukashuka inafaa. Ila lazima ubuki siti na uilipie hata kama una pass ya kusafiria, na madirisha yake hayafunguki, kwa hiyo picha zako zitakuwa na kivuli cha jaketi la mtu aliyekaa ng'ambo. Treni za kawaida zinapita karibu kila saa, hubuki chochote, unashuka stesheni yoyote ukipapenda unakaa unasubiri inayofuata, na ukibahatika kupata yale mabehewa ya zamani yanayovutwa nyuma dirisha linashuka kabisa. Vaa glavu, shusha dirisha, piga picha, pandisha haraka kabla wenzako hawajalalamika na baridi.

Kutoka Chur kaa kulia. Kama saa moja hivi baada ya kuondoka, kabla ya Filisur, ndo unakutana na daraja la Landwasser, urefu mita 136, kimo mita 65, limepinda, na mwisho wa daraja hamna ardhi, kuna ukuta wa mwamba na tundu la handaki, treni inatoka hewani inaingia moja kwa moja kwenye jiwe. Kaa mabehewa ya nyuma ili ukione kichwa cha treni kinavyoingia. Inapita haraka sana, kwa hiyo simu iwe mkononi tayari ukishaona Tiefencastel imepita.

Kutoka hapo watu wengi wanaweka simu chini, na mi naona wanakosea, kwa sababu kipande cha Bergün kwenda Preda ndo akili kubwa ya wale mainjinia. Vijiji viwili vimeachana kama kilomita sita tu ila kimoja kiko juu zaidi kwa mita 400 na ushee, sasa treni isiyo na gurudumu la meno la kung'ang'ania reli haiwezi kupanda ukuta huo moja kwa moja, wakairefusha reli mpaka kilomita 12, inajizungusha ndani ya mlima, inatoka, inavuka bonde, inaingia tena. Unakiona kijiji cha Bergün kushoto, baadae kulia, baadae tena kushoto, na kila ukikiona kimezidi kushuka. Wakati wa theluji barabara ya pale inafungwa magari hayapiti, inageuka njia ya kuteleza na sleji kilomita sita kutoka Preda mpaka Bergün, na treni inawapandisha watu na sleji zao. Wenye watoto, kama mna siku ya pili msiende mbali, itumieni hapo. Sleji mnakodi hapohapo.

Baada ya Preda ni handaki la Albula, tangu 2024 treni zinapita kwenye handaki jipya, lile la 1903 limepumzishwa. Unaingia na mawingu unatoka bonde la Engadin jua linawaka, au kinyume chake.

Sasa St. Moritz kwenda Tirano. Hii ndo Bernina yenyewe, kilomita 61, ilikamilika 1910. Baridi iliyopita nilimpeleka baba mdogo, alikuja kututembelea, mstaafu wa reli, ujana wake wote kautumia Tabora. Tulivyoshuka kubadilisha treni yeye hakuangalia milima kwanza, aliangalia chini, akasimama pale akasema, "Mwanangu, hii si mita moja? Hii ni kama yetu." Na ni kweli kabisa, reli hii ina upana wa mita moja, sawasawa na reli ya kati ya zamani ya Tanzania. Hata umri wamekaribiana, reli ya kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, miaka hiyohiyo huku Waswisi wanachonga milima yao. Baba mdogo alikaa dirishani njia nzima ananielezea mimi, mpindo huu mkali, hapa wameinua reli ya nje, hapa breki lazima ziwe za aina gani, na mzee mmoja wa Kiswisi aliyekaa mbele yetu akawa anatikisa kichwa kukubali japo Kiswahili hajui hata neno, alikuwa anafuata mikono tu.

Kitu kilichomshangaza zaidi ni ule mwinuko. Kuna sehemu kila mita 1000 treni inapanda mita 70, na haina meno ya kati kama zile treni nyingine za milimani, ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma basi. Inafika mpaka Ospizio Bernina, mita 2253 juu ya usawa wa bahari, halafu inashuka mpaka Tirano kwenye mita 429. Pale juu endelea kukaa kulia. Kuna ziwa Lago Bianco, baridi linaganda lote na theluji juu yake, hujui ziwa limeishia wapi na nchi kavu imeanzia wapi. Na hapo ndo mgawanyo wa maji, ya upande mmoja yanaingia Danube mpaka Bahari Nyeusi, ya upande wa pili yanashuka mto Po kwenda Adriatic.

Shuka Alp Grüm. Tafadhali shuka. Hamna barabara inayofika pale kipindi cha baridi, ni treni tu, kuna mgahawa kwenye jengo la stesheni, unakunywa kitu cha moto huku chini yako bonde la Poschiavo limelala kama mita elfu moja chini, na barafu ya Palü iko usoni. Treni inayofuata itakuja, usiwe na wasiwasi, ila soma ratiba kabla hujatoka kwenye jukwaa. Chini zaidi ni Brusio, daraja la duara lililo wazi nje kabisa, treni inajizungusha na kupita chini ya daraja lake lenyewe, na baadae Tirano inakatiza mjini kwenye barabara pembeni ya kanisa kubwa, magari yanasimama kuipisha.

Tirano ni Italia kwa hiyo bei za chakula zinapumua, ni yuro sio faranga. Agiza pizzoccheri, tambi za unga wa buckwheat na kabichi, viazi na jibini, haina nyama, na inashibisha hasa. Bebeni pasipoti au kadi ya ukaazi, mmevuka mpaka hata kama hakuna aliyewagongea muhuri. Wenye viza ya Schengen mko sawa pande zote mbili.

Mipango yenyewe sasa. Adui yako mkubwa ni giza. Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu, kwa hiyo ondoka Chur saa moja asubuhi hivi, na Tirano uondoke kabla ya saa nane mchana, ili wakati wa kurudi uvuke tena kule juu bado unaona. Ndo maana nasema lala Chur, ukitokea Zürich asubuhi unaongeza saa moja na robo kwenda na saa moja na robo kurudi, siku inakuwa ndefu mno. Na usiahirishe eti kwa sababu umefungua pazia umekuta ukungu, baridi ukungu unakaa mabondeni wiki nzima wakati juu ni jua tupu. Angalia kamera za mubashara za Bernina mtandaoni ndo uamue.

Tiketi, ukipanga mapema chukua Saver Day Pass, tiketi ya siku nzima, bei inapanda kadiri siku inavyokaribia na zinaanza kuuzwa miezi sita kabla. Ukikaa Uswisi siku tatu au zaidi hesabu na Swiss Travel Pass, inafika mpaka Tirano, na watoto chini ya miaka 16 wanaosafiri na mzazi hawalipi ukiomba Family Card. Mnunue wenyewe kwenye app ya SBB, shirika la reli la Uswisi, mawakala wanaouza "paketi" wanawauzia tiketi hiyohiyo na siti ambayo kwenye treni ya kawaida haihitajiki.

Glacier Express ya kwenda Zermatt naulizwa sana, ni karibu masaa nane ndani ya behewa na baridi siku ni fupi, mi ningeiacha mpaka Juni.

Na kama una nusu siku tu ukiwa Chur, panda ya Arosa. Ni kama saa moja, inapanda zaidi ya mita 1100, na inapita daraja la zege la Langwies la mwaka 1914. Usiitafute kwenye majukwaa ya ndani, toka nje mbele ya stesheni, inaanzia uwanjani pale na kipande cha kwanza inatembea barabarani na magari.