FreeCAD 1.0 na mafaili ya IGES: inashona vizuri, ila usiipokee kazi yake bila kukagua

Wakuu, tathmini hii inahusu jambo moja tu ndani ya FreeCAD, programu ya kuchora vipuri kwa kompyuta: kugeuza mchoro ulioletwa ukiwa nyuso tupu uwe solidi, yaani umbo lililojaa ndani. Mengine yote siyagusi.

Mimi nachora vipuri na kuandaa programu za mashine ya CNC (inayokata chuma kwa kuongozwa na kompyuta) kwenye karakana huku Gerezani, Dar es Salaam. Wateja wetu huleta flashi au hurusha faili WhatsApp, na mara nyingi ni IGES, aina ya faili la kuhamisha michoro kati ya programu. Chukua kava la pampu. Ukiliangalia kwenye skrini limetimia, lina matundu ya bolti na mikunjo yake yote. Likate katikati uchungulie: hamna kitu, ni ganda lisilo na unene. Huwezi kulipigia hesabu ya uzito, na ukitaka kulitoa kwenye bloku upate moldi, programu inagoma.

Tusilaumu mteja. IGES ilizaliwa Marekani mwaka 1980, na japo toleo la 5.3 la 1996 lina nafasi ya kubeba solidi, programu nyingi zikihifadhi IGES bado hutoa nyuso zilizokatwa, kila uso umekaa kivyake bila habari ya jirani. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja ni kama aliyemchorea anaweza kutoa STEP, aina nyingine ya faili ambayo hubeba solidi. Nusu ya shida huishia hapo.

Isipowezekana, ndipo FreeCAD inapoingia. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, ni la bure kabisa, halidai akaunti, na likishapakuliwa halikuulizi intaneti. Kupakua ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo tafuta bando la usiku.

Njia yangu ni hii. Nafungua IGES, naingia Part (moja ya vyumba vya kazi vya FreeCAD), nachagua nyuso zote, naita zana ya Shape builder. Naagiza itengeneze ganda kutokana na nyuso, kisha solidi kutokana na ganda. Mchoro ukiwa umetoka mikono safi, kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Hapa ndipo nina ugomvi na programu hii. Hata ganda likiwa na mwanya, inaweza kukupa kitu ikakiita solidi, bila kelele wala onyo. Kwenye orodha unakiona kimekaa vizuri, unaendelea na kazi, halafu baadaye ukikitoa kwenye bloku unapata takataka. Kwa hiyo mimi kila mara napitisha Check Geometry, zana ya kukagua umbo, kisha nafungua dirisha la kodi za Python na kuuliza mambo mawili: isClosed (je, limefunga?), na Volume (ujazo). Ujazo ukija hasi, maana yake nyuso zinatazama ndani. Zana ya Reverse shapes inazigeuza na kumaliza. Ukija namba isiyoendana na ukubwa wa kipuri, kuna mahali pamefumuka.

Kuna kaujanja ambako wachache wanakatumia. Kwenye sifa za mwonekano za umbo kuna kitu kinaitwa Lighting. Kiweke One side. Nyuso zote zilizogeuka huwa nyeusi hapohapo. Kwa kava lenye nyuso mia mbili hiyo inaokoa macho yako.

Kutafuta mwanya wenyewe ndiko FreeCAD inakopitwa. Kwenye Rhino, programu nyingine ya kuchora, unaita ShowEdges, kingo zisizoshikana zinawaka rangi, unazoom, unamaliza. FreeCAD inalo jibu lilelile lakini imelificha kwenye Python: getFreeEdges juu ya ganda, halafu Part.show, na kingo zilizo wazi zinatokea zikiwa kitu kipya unachoweza kukipaka rangi nyekundu. Ukishajua ni raha. Fundi ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kodi atajuaje? Hilo walipaswa kuliwekea kitufe.

Mwanya ukishaonekana, tiba inategemea aina yake. Kama nyuso mbili zimepishana kiasi cha nywele, sema 0.02 mm, natumia sewShape, amri ya Python ya kushona nyuso, nikiipa tolaransi (upana wa mwanya inaoruhusiwa kuziba) kubwa kidogo kuliko mwanya. Usiwe na pupa ya kuweka 1 mm ili "ishike yote". Itameza kona ndogo za mviringo na utajikuta na mchoro mbaya kuliko ulioanza nao. Kama uso mzima umepotea na kingo zake ziko bapa, Shape builder inaujenga kutokana na kingo. Kama ni wa kupinda, nenda chumba cha Surface, tumia zana ya Filling, na uiambie ifuate mteremko wa nyuso za jirani, la sivyo kiraka kitaonekana kwenye chuma. Filling nimeipenda kuliko nilivyotarajia.

Solidi ikishasimama, iburute iingie kwenye Body ya Part Design, chumba cha kujenga kipuri hatua kwa hatua. Inakuwa msingi, na juu yake unachimba na kuongeza kama umeichora mwenyewe.

Kwa wanaouliza kuhusu programu kubwa za kampuni: SolidWorks ina zana ya Import Diagnostics inayoziba mianya mingi yenyewe, na kwa hilo inaishinda FreeCAD mbali, lakini leseni yake ni maelfu ya dola. Stitch, zana ya kushona ya Fusion, pia ni rahisi, ganda likifunga linakuwa solidi papohapo. Leseni ya bure ya Fusion ni ya matumizi binafsi, na ina kikomo cha michoro kumi iliyo wazi kuhaririwa. Kwa karakana inayotoza pesa hiyo haitufai.

STL, faili linalobeba umbo kama pembetatu tupu, ni habari nyingine, na hapa sipunguzi maneno. FreeCAD itakubali kuigeuza, lakini kila pembetatu inakuwa uso. Pembetatu elfu arobaini ni nyuso elfu arobaini, na laptop ya RAM 8 inaganda. Zana ya Refine inaunganisha zile zilizo bapa pamoja. Tundu la bolti linabaki vipande vipande, si duara. Isitoshe STL haibebi hata kipimo, hujui ni milimita au inchi. Mteja akiniletea STL namwambia aje na kipuri chenyewe na mimi nitatoa vernier, kipimio cha mkono. Nachora upya, namtoza saa za kuchora, na bado inamtokea nafuu.