Uzoefu wangu na Anki: msamiati mgumu wa Kiingereza kwa sie tuliosoma kwa Kiarabu

Kama umesoma kwa Kiarabu na sasa unahangaika na Kiingereza cha chuo kikuu, nakwambia moja kwa moja, Anki, programu ya kukumbushia maneno kwa kadi za maswali na majibu, imenisaidia kuliko kozi zote nilizolipia. Ila kadi utengeneze mwenyewe.

Mie ni mtu wa Maskati, nyumbani tunaongea Kiswahili maana wazee wametoka Unguja, lakini skuli nimesoma Kiarabu mwanzo mpaka mwisho. Kiingereza cha dukani na kazini sina tabu nacho. Tabu ilikuja nilipotaka kwenda kufanya masta Uingereza, vyuo vingi huko vinataka alama 6.5 kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, sasa ukifungua zile makala zake za kusoma unakutana na "subsequent", "constrain", "deviate", yaani huna pa kushika.

Na sie wa Kiarabu kazi yetu ni kubwa kweli. Maneno mengi ya juu ya Kiingereza yametoka Kilatini na Kifaransa. Kazini nina mwenzangu Mtunisia, Kiarabu anacho kama mie, lakini Kifaransa kasoma tangu mdogo, basi "sufficient" na "contribute" anayajua kabla hajafundishwa. Sie wengine hakuna neno tunalolipata bure hivyo. Halafu kuna irabu. Kiarabu cha kila siku kinaandikwa bila irabu fupi, jicho linazoea kushika konsonanti, ukiona k-t-b unajua mambo ya kuandika, ndimo vilimotoka kitabu, katibu na maktaba. Jicho hilohilo ukilipeleka kwenye Kiingereza linaona "adapt" na "adopt" kitu kimoja, "moral" na "mural" kitu kimoja, na kwenye ile sehemu ya kusoma ya IELTS ya dakika 60 hapo ndipo maksi zinapokwenda.

Anki aliitoa Damien Elmes mwaka 2006. Inavyofanya kazi ni hivi, swali mbele jibu nyuma, ukishajibu unabonyeza kama umesahau, ilikuwa ngumu, sawa au rahisi, na yenyewe inapanga lini ikurudishie, unalolijua linasogezwa wiki, mwezi, miezi, unalolisahau linarudi leoleo.

Vifurushi vya kadi za tayari za Kiingereza na Kiarabu vipo tele na nimevipitia, sivipendi. Kimoja "issue" kimeandika qadhiya basi, hii yetu tunayoiita kadhia. Sasa ukikuta wizara "issued" leseni, au toleo la gazeti likaitwa "issue", kadhia itakusaidia nini hapo?

Kadi zangu nafanya hivi. Mbele naweka sentensi nzima niliyoikuta mwenyewe nikisoma, na lile neno nalitoa irabu: "the company had to _d_pt to the new rules". Konsonanti peke yake hazikwambii ni lipi, lazima uisome sentensi ndiyo uzitaje irabu. Nyuma naweka neno zima, sauti yake, maelezo ya Kiarabu kwa sentensi, na jamaa zake kama "adaptation" na "adaptable". Sauti msiiache jamani. Kiarabu fasaha hakina P wala V, sie wenye Kiswahili hapo tumesalimika lakini wenzetu wengi P inawatokea B mpaka wakubwa.

Maneno ya kuanzia chukua orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead wa New Zealand ya mwaka 2000, ina familia za maneno 570, yaani neno pamoja na jamaa zake, zimegawiwa makundi 10, kundi la kwanza ndilo linalotokea sana kwenye vitabu vya chuo, anza nalo. Mie ilinipa nguvu sana kuona mwisho upo, maana kamusi haina mwisho.

Kitu cha kuangalia, Anki ukiiacha ilivyo inakupa kadi mpya 20 kwa siku, na za marudio zinakuja juu yake. Kwa mtu anayefanya kazi ni nyingi mno, punguza mapema. Na kama hupendi kukaa kutengeneza kadi programu hii haitakufaa, kwa sababu kule kutengeneza ndiko nusu ya kujifunza kwenyewe.

Kwenye kompyuta ni bure, Android pia bure inaitwa AnkiDroid. Ya iPhone inauzwa, kama dola 25 unalipa mara moja, ukiona ghali ingia AnkiWeb, tovuti yao, kwa simu hiyohiyo ufanyie marudio huko bila kulipa.