TAHADHARI: Hakuna "mbegu za super napia" za pakiti

Wafugaji wa Kisesa, Usagara, Misungwi na mwambao wa Ziwa Victoria kwa ujumla: kuna muuzaji anazungusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp, pakiti za mbegu za super napia, ulipie kwanza kwa simu. Usitume hela.

Super napia ni nyasi ya malisho, chotara wa mabingobingo (napia ya kawaida) na uwele. Mabingobingo yana kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) 28, uwele 14. Chotara anarithi nusu kwa kila mzazi, anabaki na 21, haziwezi kujipanga jozi jozi, basi hazai mbegu. Hupandwa kwa pingili tu. Hata mabingobingo ya porini mbegu zake ni chache, nyepesi kama pumba, na nyingi hazioti.

Mwaga hizo mbegu kiganjani. Punje ndogo ya kijivu, nzito, iliyochongoka upande mmoja ni uwele. Utaota vizuri, na wiki za mwanzo wengi hawautofautishi na napia. Huo ndio muda wa jamaa kubadilisha laini. Uwele ukishatoa masuke unakufa, haurudii kuchipua miaka na miaka. Punje kubwa zaidi, ya duara, ni mtama, na hapo kuna hatari: mtama mchanga, hasa uliopigwa na jua, una sumu ya sianidi inayoua ng'ombe. Usiukate ukiwa chini ya sentimita 60.

Ujanja wa pili uko kwenye jina. Anauza "Pennisetum purpureum" bei ya chini na "Cenchrus purpureus, aina mpya" bei ya juu. Yote mawili ni majina ya kisayansi ya mabingobingo, nyasi ile ile! Mwaka 2010 wataalamu wa mimea waliiingiza jenasi (kundi la mimea ya ukoo mmoja) Pennisetum ndani ya Cenchrus, basi.

Pingili nazo zikaguliwe. Ugonjwa wa udumavu wa napia husafiri ndani yake, na hujitokeza baada ya kukata: machipukizi mengi, mafupi, ya njano. Kwa hiyo usikubali kuoneshwa shamba la napia ndefu ambalo halijawahi kukatwa. Dai kuona lililochipua upya. Chukua shina lililokomaa, miezi 3 au zaidi, kata pingili za macho matatu, mawili yaingie ardhini kwa kulaza mshazari. Nafasi mita 1 kwa nusu mita, ekari inakula pingili kama 8,000.

Umeshatuma? Pigia mtandao wako wa simu sasa hivi, tunza ujumbe wa muamala, ripoti polisi, na namba yake itume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.