Saladi ya wali yenye tofu na ufuta: uzoefu wangu

Ukimwambia mtu wa pwani kwamba kuna wali unaliwa baridi, tena na kabichi mbichi, atadhani unamtania. Mimi sasa ni mteja. Kuna mgahawa hapa Dar unaouza saladi ya wali ya Kiasia isiyo na nyama, samaki wala yai, shilingi 14,000 bakuli. Bodaboda unalipa mwenyewe.

Wali wenyewe ni wa mchele wa brauni, ule ambao pumba yake haijaondolewa, kwa hiyo ni mgumu kidogo na lazima uutafune. Juu yake kuna kabichi ya zambarau, karoti, tango, soya changa za kijani, giligilani na karanga zilizokaangwa zikapondwa. Tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, wanaikaanga mpaka kingo zinakauka, ndani inabaki laini. Hapo wamepatia, maana tofu ikipikwa ovyo haina tofauti na sifongo.

Lakini utamu wote uko kwenye sosi: tangawizi mbichi, ndimu, soya sosi, sukari kwa mbali, na mafuta ya ufuta uliokaangwa. Ukifungua tu kifuniko, harufu ya ufuta inajaa ofisi nzima na wenzako wanaanza kuuliza. Nasi ufuta tunaulima Lindi na Mtwara, mwingi tunawauzia hao hao Waasia, halafu jikoni kwetu unaishia kwenye kashata!

Shibe ipo. Soya ina protini ya kutosha na nyuzinyuzi za wali zinakushikilia mpaka jioni, bila ule usingizi wa saa nane.

Wenye presha waombe sosi iwekwe kando, kwa sababu soya sosi ina chumvi nyingi. Msiopatana na ngano ulizeni kwanza, soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Halafu usiuache mezani ukisema utamalizia jioni. Wali uliopikwa ukikaa nje kwenye joto letu hili huota bakteria, na sumu yake haiondoki hata ukiupasha moto. Siku moja nililetewa wa vuguvugu, kabichi imenyauka. Nikapiga simu, wakaleta mwingine bila ubishi.

Ila jamani, vipande vinne vya tofu kwa bakuli zima? Kwa elfu kumi na nne, waongeze.